Kioo Hakina Rangi

Fundi Kioo alikuwa na kipaji cha kujibu swali kabla halijafika mwisho, na jibu lenyewe mara nyingi lilikuwa hapana. Kwa hiyo siku bintiye aliposimama mlangoni pa karakana na kuanza, "Baba, nataka kufanya maonyesho ya picha zangu, nje, kwenye ukuta wa...", mzee alikuwa ameshatikisa kichwa. Mikononi alikuwa anakanda puti, ule udongo laini wa kushikia vioo vya dirisha, na hakuacha kukanda.

"Nje kuna vumbi," akasema. "Kuna mvua. Kuna mikono ya watu waliotoka kula mandazi. Picha zako za rangi za maji zitadumu huko mpaka lini?"

"Siku moja tu, Baba. Jumapili."

Binti huyu mtaa mzima ulimwita Doa. Jina alilipata angali mtoto, kwa sababu hakukuwa na nguo yake isiyo na alama ya rangi, hata zile za kuvaa kwenye sherehe. Mama yake alifariki Doa akiwa hajaanza shule, na tangu hapo karakana ndiyo iliyomlea. Alifagia vipande vya vioo, alimbebea baba yake puti wakienda kuweka madirisha kwenye nyumba za watu, na kazi ikiisha alijifungia stoo ya nyuma akichora. Tuseme alijifungia, lakini hakuweza kufunga, maana stoo ile haikuwa na dirisha. Fundi aliyeweka madirisha ya mtaa mzima alikuwa na chumba kisichojua mchana wala usiku, na binti yake alichora mlango ukiwa wazi, akivuta mwanga kidogo uliopita kati ya mbao za karakana.

Siku hiyo dada mkubwa wa Fundi Kioo, shangazi yake Doa, alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kizima cha karakana. Shangazi alikuwa na duka la simu pale kona, lenye kioo kikubwa mbele na feni juu, na kwa muda mrefu alikuwa anamtaka Doa akae dukani auze.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Shangazi akasema. "Picha zikitolewa barabarani, huko si kujitembeza ni nini?"

"Shangazi, mbona simu zako umezipanga kwenye kioo cha mbele?"

"Mwone! Mdogo wangu, unamsikia mwanao? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nampa kiti, nampa kivuli, yeye anataka ukuta."

Fundi Kioo aliweka puti chini. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alimpenda bintiye kupita kiasi, na kama wazazi wengi wa namna hiyo alikuwa na hofu ambayo aliivika sauti ya ukali. Alichoogopa hasa ni kwamba watu wangepita. Wangepita na vikapu vyao bila hata kugeuza shingo, na mtoto wake angesimama pale mchana kutwa akiwatazama wakipita. Kiti cha dukani kwa Shangazi hakikuwa na aibu hiyo.

"Haya," akasema. "Onyesho moja. Watu wakisimama wakaangalia, stoo ya nyuma ni yako, uchore mpaka ukuta uote manyoya, na mimi sitasema neno. Wasiposimama, Jumatatu uko dukani kwa shangazi yako, na rangi zinabaki kuwa mchezo wa siku za mapumziko."

Doa alimgeukia shangazi yake. "Nimekubali. Shangazi ni shahidi."

"Mimi nimeshafuta vumbi kwenye kiti," Shangazi akajibu.

Basi ungedhani Fundi Kioo angekaa pembeni asubiri kushinda. Lakini damu nzito kuliko maji, na ufundi nao una damu yake. Jioni ileile alitangaza kwamba kitu cha mtoto wake hakitaning'inia barabarani kama nguo za kufua. Kila picha itakuwa na fremu, na kila fremu itakuwa na kioo. "Chanda chema huvikwa pete," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Kutafuta ukuta hakukuwa kazi kubwa. Mshonaji aliyeitwa Mama Cherehani alikuwa na nyumba yenye ukuta mrefu mweupe, kando ya njia ambayo kila aendaye sokoni lazima aipite. Alikubali kwa masharti mawili: misumari isiguse madirisha yake, na yeye asichorwe.

"Umeshachorwa, Mama," Doa akakiri.

Mama Cherehani akamkazia macho. "Basi niwe mwembamba."

Wiki nzima karakana ilinuka mbao na siki. Fundi Kioo alikata mbao za msonobari, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Vioo alivitoa rafu ya juu kabisa, kule alikoweka vile vya wateja wenye majumba, vioo safi visivyo na hata kiputo. Alivisugua kwa siki na karatasi za magazeti, akavipumulia, akavisugua tena.

Sasa, fundi wa fremu ana namna yake ya kufanya kazi, na mtu asiyeijua hataelewa yaliyofuata. Kwanza analaza fremu kifudifudi mezani. Anaweka kioo. Kisha anachukua picha, naye anailaza kifudifudi juu ya kioo, anafunika kwa ubao mwembamba, anapiga misumari midogo, anabandika karatasi ya gundi. Kazi yote inafanyika kwa nyuma. Macho yake yako pembeni: pembe zimekaa sawa? Kuna unywele umeingia? Doa alimkabidhi kila picha ikiwa imefunikwa kwa karatasi laini, na Fundi Kioo aliipokea kwa mgongo, akailaza kwa mgongo, akaifunga kwa mgongo. Ungemuuliza picha ya tatu ina nini, angekuambia ina msonobari.

"Baba," Doa akasema wakati mmoja, akimtazama akikata kioo, "unakumbuka niliwahi kukuuliza kioo kina rangi gani?"

"Wewe uliuliza maswali mengi. Uliuliza hata kwa nini msumari una kichwa na hauna masikio."

"Ulinijibu kioo hakina rangi."

"Na hakina. Kikiwa na rangi kimeharibika. Nipe nyingine."

Doa alitabasamu, akampa nyingine, kifudifudi. Angeweza kuigeuza. Angeweza kusema, Baba, hebu tazama. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mkaidi naye hajambo. Alitaka baba yake atazame mwenyewe bila kushikwa shingo.

Jumamosi alasiri walipanga. Fundi Kioo alivuta uzi ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, akaweka pimamaji juu ya kila fremu na kutazama kile kiputo mpaka kitulie katikati. Walibishana kuhusu urefu. Yeye alitaka picha ziwe juu, mbali na mikono ya mandazi. Doa alisema picha ikae mbele ya macho ya mtu, si juu ya kofia yake. Wakasumbuka hivyo, wakipandisha na kushusha, Mama Cherehani akitoa amri dirishani ambazo hakuna aliyeziomba. Mwisho Doa alivuka njia, akasimama upande wa pili, akaona picha zake zote zimejipanga kivulini, zimetulia, kila moja na fremu yake. Alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Pete imekaa," Fundi Kioo akasema. Alikuwa anatazama fremu.

Wakazishusha, wakalala, na Jumapili alfajiri wakazipandisha tena kabla watu hawajaanza kupita. Ukuta ulikuwa bado wa kijivu, hewa ya baridi. Shangazi alifika amevaa vizuri, na mkoba wake begani, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo.

Halafu jua likachomoza juu ya mapaa ya upande wa pili.

Vumbi Fundi Kioo alilitaja. Mvua aliitaja, na mikono ya mandazi pia. Jua hakulitaja. Ukuta wa Mama Cherehani ulitazama mashariki, na wao walikuwa wamepanga picha alasiri, kivulini. Fundi wa vioo kusahau jua ni sawa na mpishi kusahau moto, lakini ndivyo ilivyokuwa: maisha yake yote aliweka vioo ili mtu aliye ndani aone nje, na hakuwahi kufikiri sana kuhusu aliye nje. Mwanga uligonga vile vioo bora vya rafu ya juu, vilivyosuguliwa kwa siki, na vyote kwa pamoja vikageuka kuwa vioo vya kujitazamia.

Na watu wakasimama! Hapo ndipo penye uchungu wa kuchekesha. Walisimama wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mama mmoja aliweka kapu chini akafunga kilemba upya. Kijana mmoja alitoa kitana mfukoni akachana nywele zake bila haraka, akageuza kichwa kushoto, kulia, akaridhika, akaenda zake. Bwana mmoja mwenye tai alichunguza meno yake kwenye picha ya kwanza, akatembea hatua kadhaa, akahakikisha tena kwenye picha ya nne. Msichana na mchumba wake walisimama mbele ya fremu moja wakajitazama wote wawili kwa furaha kubwa.

"Maonyesho mazuri," Shangazi akasema, akijinyoosha kola mbele ya fremu. "Nimependeza."

Doa alichukua kanga yake, akaishika kwa mikono miwili juu ya picha moja ili aitilie kivuli. Watu wakamtazama yeye badala ya picha, wakashangaa binti wa watu ana nini, wakapita. Akahamia picha ya pili, akainua kanga tena.

"Mdogo wangu," Shangazi akasema kwa sauti ya chini, na kusema kweli hakuwa na furaha ya ushindi, "watu wamesimama, lakini hakuna aliyeangalia. Mwambie apumzike. Kesho nitampokea vizuri."

Fundi Kioo alijua ameshinda. Hakuhitaji kufanya lolote ila kukaa kimya. Lakini hakuweza kukaa. Alimkaribia bintiye akitafuta neno, na Doa akamwahi.

"Vioo vyako ni vizuri mno, Baba," akasema. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anamfariji, na machozi yalikuwa pale pale, yamezuiliwa kwa nguvu.

Angemtukana ingekuwa afadhali. Fundi Kioo aligeuka akaenda karakanani akikaribia kukimbia, akarudi na koleo na kisu. Akaishusha fremu ya kwanza ukutani.

"Unafanya nini?" Shangazi akauliza.

"Navua pete. Imeficha chanda."

Mama Cherehani, ambaye alikuwa anafuatilia yote dirishani, alitoa meza yake ya kukatia vitambaa bila kuombwa. Fundi Kioo akalaza fremu kifudifudi, akapasua ile karatasi ya gundi aliyoibandika kwa makini wiki nzima, akang'oa misumari, akainua ubao. Sasa kioo kilikuwa chini na picha juu yake. Ili akitoe kioo, ilibidi ainue picha na kuishika mkononi. Hakukuwa na pa kuiweka, meza ilikuwa imejaa. Akaishika mbele ya uso wake, na hivyo, kwa mara ya kwanza, akaitazama.

Lilikuwa dirisha. Dirisha la zahanati, na nyuma ya kioo chake mtoto ameegemeza paji la uso, pumzi yake imefanya ukungu mdogo mbele ya pua. Chini kwenye kona ya kushoto, pale puti inapoishia, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Fundi Kioo akaisogeza picha karibu na macho. Tangu aanze kazi, kila alipomaliza dirisha, alibonyeza kidole gumba kwenye puti mbichi, kona ya chini kushoto. Hakumwambia mtu. Haikuwa na maana yoyote, ilikuwa ni kama kusema haya, imekwisha.

Akafungua fremu ya pili. Dirisha la Mama Cherehani, mwenyewe ndani yake na pini mdomoni, mnene vilevile. Kona ya chini kushoto, kidole gumba. Ya tatu, kinyozi akipiga miayo nyuma ya kioo chake. Kidole gumba. Dirisha la shule lenye ufa alioahidi kuurekebisha na kusahau, na ufa ulikuwepo, umechorwa bila huruma. Madirisha ya mtaa mzima, yale aliyoyaweka yeye kwa mikono yake, na nyuma ya kila moja mtu akiendelea na maisha yake. Na yeye alikuwa amechukua vioo vyake na kuvifunika juu ya vioo vyake vilivyochorwa.

"Hivi vyote nimeviweka mimi," akasema, kama mtu anayeota.

"Najua, Baba. Nani alikuwa anakubebea puti?"

Picha ya kwanza ilirudi ukutani bila kioo, nyingine zikafuata, na jua lilelile lililoharibu sasa likaitengeneza. Mama mwenye kapu akarudi nyuma. "Hee, hii si zahanati?" Kinyozi akaitwa, akaja na mkasi mkononi, akakana kwamba yeye hupiga miayo, akapiga miayo palepale, watu wakacheka. Kila aliyefika alitafuta dirisha lake. Waliolipata waliwaita majirani, wasiolipata walidai kwa nini wameachwa. Njia ikajaa mpaka bwana wa mkokoteni akalazimika kuomba njia, naye alipopata njia hakupita, akasimama kuangalia.

Picha ya mwisho ilikuwa ya duka la simu. Shangazi alikuwa nyuma ya kioo kikubwa, feni juu yake, simu zimepangwa vizuri mbele yake, na yeye ameshika tama akitazama barabara. Hakukuwa na mteja. Shangazi aliisogelea picha polepole, mkoba ukateleza begani.

"Hivi ndivyo ninavyokaa?"

"Mchana mchana, Shangazi. Kabla ya saa za watu kutoka kazini."

Shangazi alitazama muda mrefu. Watu walimpita huku na huku. "Kiti chenyewe hiki ndicho nilichotaka kukupa," akasema, na akavuta kamasi kwa hasira, kama vile kamasi ndiyo iliyokosea. Hakuzungumza tena habari za Jumatatu.

Fundi Kioo alikuwa bado mezani. Mkononi alikuwa na ile picha ya zahanati. Alikuwa ameishusha tena, eti kuihakikishia pembe. Pale ambapo kioo kilikutana na fremu ya dirisha, ubavuni kabisa, Doa alikuwa amepitisha mstari mwembamba sana wa rangi ya kijani iliyofifia.

"Kioo kina rangi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kijani. Ukikitazama ubavuni. Nakikata kila siku, na nilikuambia hakina. Nilikudanganya mtoto wangu."

"Hukunidanganya. Ulikuwa unakitazama kwa mbele."

Mzee alitaka kujibu kabla sentensi haijaisha, kama desturi yake, lakini safari hii aliiacha ifike mwisho. Alimshika bintiye kichwa, akakiweka begani pake, mbele ya watu wote, na rangi ikamchafua shati. Alilia kidogo, wala hakujificha.

Jumatatu asubuhi Shangazi alifungua duka akasikia nyundo. Ngo! Ngo! Alifunga mlango akaenda mbio, moyo ukimwambia mdogo wake amerukwa na akili. Alimkuta stoo ya nyuma, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, ametoboa ukuta tundu kubwa ambalo jua lilipitia bila kubisha hodi. Sakafuni kulikuwa na fremu mpya ya mbao yenye vyumba vidogovidogo vya kuwekea vioo, na kando yake vile vioo vya rafu ya juu vilivyovuliwa kwenye picha, vimepangwa kwa mstari. Doa alikuwa anakanda puti.

"Mnabomoa nyumba?"

"Tunaweka dirisha, Dada."

Shangazi alizunguka tundu, akalikagua, akakuna kichwa. "Ile picha yangu naitaka dukani," akasema mwishowe. "Lakini iwekeni kioo. Kule kuna vumbi." Akaondoka kabla hawajamcheka.

Wakafanya kazi mpaka fremu ikasimama kwenye ukuta na kila chumba kikapata kioo chake. Fundi Kioo alipitisha puti pembeni kwa kisu, taratibu, mpaka akafika kona ya chini kushoto. Hapo akasimama. Akapiga hatua moja kando, akamwachia bintiye nafasi.

"Weka wewe," akasema.

Doa alijifuta mkono kwenye gauni, likapata doa jipya, kisha akabonyeza kidole gumba chake kwenye puti mbichi.